Darasani Wote Walikataa

Simu iliita wodini usiku, muuguzi akiwa peke yake zamuni. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni Dk Smith, akamtaja mgonjwa mmoja kwa jina, kisha akaagiza apewe mara moja miligramu 20 za dawa iitwayo Astroten. Yeye mwenyewe alikuwa njiani na angesaini akifika. Kichupa kilikuwa kabatini, na maandishi yake yalisomeka bila shida: dozi ya kawaida miligramu 5, kiwango cha juu kwa siku miligramu 10. Muuguzi hakuwahi kumwona Dk Smith. Kanuni za hospitali zilikataza kutoa dawa kwa agizo la simu, na dawa yenyewe haikuwamo katika orodha ya wodi.

Hilo lilikuwa jaribio lililofanywa Marekani na daktari wa magonjwa ya akili Charles Hofling pamoja na wenzake, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1966. Ndani ya kichupa hamkuwa na dawa yoyote ya kudhuru, na mwangalizi alikuwa karibu kumzuia muuguzi kabla hajamfikia mgonjwa. Wauguzi 22 walipigiwa simu ile. Walioanza safari ya kwenda kitandani na dozi mkononi, iliyo mara mbili ya kiwango cha juu, walikuwa 21.

Kuna sehemu ya utafiti huo isiyosimuliwa sana, nayo inawahusu wanafunzi. Wanafunzi 21 wa uuguzi walipewa kisa hichohicho kwenye karatasi, wakaulizwa wangefanya nini. Wote 21 walijibu kwamba wasingeitoa dawa hiyo. Wauguzi 12 waliokwisha kuhitimu nao waliulizwa, na 10 kati yao wakajibu hivyohivyo.

Hakuna sababu ya kudhani kwamba wanafunzi wale walidanganya. Walijua jibu sahihi na bila shaka waliliamini. Tofauti yao na wauguzi wa wodini ni kwamba wao hawakuwa wamepigiwa simu. Hakuna sauti nzito iliyowaharakisha, na hakuna aliyewafanya wahofie kuonekana wajuaji mbele ya daktari. Mtihani wa maandishi katika vyuo vya uuguzi vya Afrika Mashariki hupima jibu la karatasi, ilhali mgonjwa hulala kitandani akisubiri jibu la pili, lile la wodini.

Pengo hilo kati ya kujua na kutenda limechunguzwa kwa miaka mingi. Georg Lind, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, alianza miaka ya 1970 kutafuta namna ya kupima kitu alichokiita umahiri wa kimaadili. Kwa maelezo yake, huo ni uwezo wa kutatua matatizo na migongano kwa kufikiri na kujadiliana, kwa kufuata misingi ya utu na haki, badala ya kutumia nguvu, udanganyifu au kumwinamia mwenye mamlaka. Kipimo chake hakiulizi mtu anaunga mkono upande gani. Kinaangalia kama anaweza kuipa uzito hoja nzuri ya upande asioupenda. Lind aligundua pia jambo linalopaswa kuwaamsha wakufunzi wote wa kada za afya: miongoni mwa wanafunzi wa udaktari wa Ujerumani, umahiri huo ulidumaa na hata kushuka kadiri masomo yalivyoendelea. Maelezo yake yalikuwa kwamba wanafunzi wale walibebeshwa mambo mengi ya kukariri, wakanyimwa fursa ya kubeba wajibu na kutafakari matokeo yake wakiwa na wa kuwaongoza.

Kwa muuguzi, umahiri huo haukai kwenye maneno makubwa. Uko katika kutambua kwamba mama wa kitanda cha mwisho hajafunuliwa shuka tangu alfajiri, na damu inaweza kuwa inatoka bila mtu kuona. Uko katika kumwambia daktari mbele ya watu kwamba dozi aliyoandika haiendani na uzito wa mtoto. Wakati mwingine uko katika kukiri kwa mkuu wa zamu, kabla hajauliza, kwamba sindano aliyochomwa mgonjwa ilikuwa ya jirani yake.

Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, wauguzi wa Tanzania na Kenya huwasha mishumaa na kurudia kiapo chenye jina lake. Kiapo hicho hakikuandikwa na Nightingale. Kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, na katika umbo lake la mwanzo kilimtaka muuguzi aahidi kumsaidia daktari kwa uaminifu katika kazi yake. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi za mwaka 1953 nazo zilimpa wajibu wa kutekeleza maagizo ya daktari kwa uaminifu, ingawa zilimtaka akatae kushiriki yale yasiyo ya kimaadili. Ni katika kanuni za mwaka 1973 ambapo wajibu wa kwanza wa muuguzi ulielekezwa kwa mtu anayehitaji kuhudumiwa. Zaidi ya miaka 50 imepita, na bado katika wodi nyingi mambo hufuata ngazi ileile: daktari anasema, muuguzi anatekeleza, mwanafunzi anasimama nyuma ya wote wawili akiwa ameshika faili.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ya yote haya ni kuchagua vijana wenye moyo mwema. Kisa cha Eunice Rivers kinaonyesha kwamba moyo mwema hautoshi. Rivers alihitimu uuguzi Tuskegee, Alabama, mwaka 1922. Kuanzia mwaka 1932 alifanya kazi katika utafiti wa idara ya afya ya serikali ya Marekani uliofuatilia wanaume weusi maskini, 399 kati yao wakiwa na kaswende, ili kuona ugonjwa unavyomla binadamu asiyetibiwa. Hawakuambiwa ukweli kuhusu maradhi yao. Penisilini ilipothibitika kutibu kaswende miaka ya 1940, walinyimwa. Utafiti uliendelea hadi mwaka 1972, habari zilipofichuliwa na vyombo vya habari.

Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, Rivers ndiye aliyekuwa kiungo. Aliwafuata wanaume wale majumbani na kuwabeba kwa gari, akaulizia hali za wake zao na watoto wao, nao wakampenda na kumwamini. Alikuwa mwanamke mweusi katika Alabama ya ubaguzi, chini ya madaktari na chini ya serikali, na wanahistoria wanaendelea kubishana kuhusu sehemu yake ya lawama. Wanaume wale hawakukosa upole wa muuguzi hata siku moja. Walichokosa ni muuguzi mwenye nafasi na ujasiri wa kuhoji kile alichokuwa anakitumikia.

Mambo ya karibu zaidi na nyumbani yanauma zaidi.

Mwezi Agosti 2013, mama mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya Bungoma, magharibi mwa Kenya. Kitanda hakikupatikana, dawa za kuanzisha uchungu aliambiwa anunue mwenyewe, na alipoanguka, wauguzi walimtukana na kumpiga badala ya kumwinua. Mtu aliyekuwepo alirekodi kwa simu. Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua mwezi Machi 2018 kwamba haki zake za utu na za afya zilivunjwa, ikaagiza alipwe fidia ya shilingi za Kenya milioni 2.5. Miezi miwili tu kabla ya tukio, Juni 2013, serikali ilikuwa imefuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Wodi za wazazi zikafurika, wakati vitanda na wauguzi walikuwa walewale wachache.

Uhaba huo ni ukweli usiopaswa kufunikwa. Muuguzi mmoja anayewahudumia wanawake watano wenye uchungu kwa wakati mmoja hawezi kuhubiriwa tu kuhusu heshima. Hata hivyo, kofi halipunguzi uhaba wa vitanda, na tusi haliongezi idadi ya wauguzi.

Mkoani Tanga, watafiti wa mradi uliopewa jina la Staha waliwauliza wanawake waliojifungulia katika vituo vya afya jinsi walivyohudumiwa. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, asilimia 19 walisema walidharauliwa au kutendewa vibaya. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, asilimia ilipanda hadi 28. Pengine wengi hawakuthubutu kusema wakiwa bado mlangoni mwa hospitali. Mradi uliendelea huko Korogwe kwa kuwakutanisha wananchi na watumishi, wakaandika pamoja mkataba wa jinsi ya kuheshimiana, kisha hospitali ikafanya maboresho madogomadogo yaliyobuniwa na wafanyakazi wenyewe. Visa vya dharau na ukatili vilipungua sana, na hospitali ilibaki na uhaba wake uleule.

Sasa afikiriwe mwanafunzi wa mwaka wa pili anayeingia leba kwa mara ya kwanza. Darasani ameambiwa kwamba mama asifokewe. Leba anamwona mkunga mzoefu, mwenye mikono hodari iliyookoa watoto wengi, akimchapa mama pajani kisha mtoto akatoka salama. Hakuna anayemweleza mwanafunzi kwamba mtoto angetoka salama bila kofi. Anajifunza mambo mawili kwa pamoja, ustadi na ukatili, na kwa kuwa yametoka kwa mwalimu mmoja anayahifadhi kama kitu kimoja.

Hilo si dhana tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wanafunzi wa ukunga wa mwaka wa mwisho nchini Ghana ulikuta kwamba waliweza kueleza vizuri huduma ya heshima ni ipi. Wanafunzi haohao walitoa sababu za kuhalalisha kumpiga mama asiyesukuma, wakisema inafanyika ili kumwokoa mtoto. Walikuwa na majibu yote mawili, la darasani na la wodini, na hayakuwasumbua kukaa pamoja. Mtihani wa maandishi usingegundua lolote kwa sababu wangeufaulu.

Mfano mwingine unajulikana na kila aliyewahi kufanya mazoezi ya vitendo hospitalini, ingawa hausemwi hadharani. Ni chati ya vipimo vya wagonjwa. Alfajiri, kabla ya kukabidhiana zamu, nafasi za saa nne usiku na saa nane usiku ziko wazi kwa kuwa hakuna aliyepita vitandani. Mwanafunzi anapewa kalamu ajaze. Anaandika presha nzuri, joto zuri, mapigo mazuri ya moyo, kwa watu ambao hakuwagusa. Yaani vipimo vinapikwa. Kwa wagonjwa wengi hakuna kitakachotokea, na hapo ndipo tabia inapojengeka. Kwa mama aliyejifungua jioni na anayevuja damu polepole, chati ile ni hatari kubwa: daktari wa asubuhi atasoma presha ya kawaida, kisha atasogea kitanda kinachofuata. Kutokwa damu baada ya kujifungua kunaweza kuua kwa saa chache, na dalili zake, mapigo yanayopanda na baadaye presha inayoshuka, ndizo ambazo chati ya kupikwa inazificha.

Upikaji wa namna hii haukuzaliwa Afrika. Katika hospitali ya Stafford, Uingereza, muuguzi kijana Helene Donnelly alieleza mbele ya wachunguzi jinsi wauguzi wa kitengo cha dharura walivyoshinikizwa kudanganya kuhusu muda ambao wagonjwa walisubiri, ili ionekane hakuna aliyevuka saa nne zilizowekwa na serikali. Alipolalamika, alitishwa na wenzake. Wagonjwa wa hospitali hiyo, kati ya mwaka 2005 na 2009, waliachwa kwenye mashuka machafu na wengine waliwekewa maji mahali wasipoweza kuyafikia. Ripoti ya Robert Francis ya Februari 2013 ilitoa mapendekezo 290. Jambo moja alilosisitiza ni kwamba walio mafunzoni ni macho na masikio ya hospitali.

Kauli hiyo ingestahili kubandikwa katika ofisi ya kila mkuu wa chuo cha uuguzi, kwa sababu kwa sasa macho hayo yanafundishwa kufumba. Anayesaini kitabu cha mazoezi cha mwanafunzi mara nyingi ni mkuu wa wodi, yule wanayemwita inchaji. Mwanafunzi akiuliza kwa nini chati imejazwa bila kipimo, anamuuliza mtu yuleyule atakayeamua kama amefaulu. Mwaka 1984 mwanafalsafa wa Marekani Andrew Jameton aliandika kuhusu dhiki ya kimaadili, hali inayompata muuguzi anayejua lililo sahihi lakini anazuiwa na mazingira kulitenda. Mwanafunzi huipata dhiki hiyo mapema kuliko wote, na huwa na njia mbili za haraka za kuiondoa: kuacha kazi, au kuacha kujali. Wanaochagua ya pili ndio wanaobaki kazini, na baada ya miaka kumi wanakuwa mainchaji.

Nini basi humfanya muuguzi aweze kusimama? Mwaka 1977 watafiti wawili, Rank na Jacobson, walirudia jaribio la Hofling kwa mabadiliko. Dawa iliyotajwa ilikuwa Valium, ambayo wauguzi waliifahamu vizuri, na waliruhusiwa kuzungumza na wenzao. Kati ya wauguzi 18, ni wawili tu waliokuwa tayari kutoa dozi hatari. Hakuna anayeweza kusema kwamba katika miaka 11 binadamu walikuwa wamegeuka kuwa wema zaidi. Wauguzi wa mwaka 1977 walikuwa na vitu viwili ambavyo wale wa kwanza walivikosa: ujuzi wa dawa iliyo mkononi na mwenzao wa kumuuliza.

Vitu hivyohivyo vilionekana tarehe 26 Julai 2017 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Utah, mjini Salt Lake City. Askari mpelelezi alitaka damu ya mgonjwa aliyepoteza fahamu. Muuguzi Alex Wubbels alimwonyesha utaratibu wa hospitali uliochapishwa kwenye karatasi: damu hutolewa mgonjwa akiridhia, au akiwa amekamatwa, au kukiwa na kibali cha mahakama. Hakukuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Msimamizi wake alikuwa kwenye simu, akisikika, akimuunga mkono. Wubbels alitiwa pingu na kuburutwa nje akipiga kelele, lakini askari hakupata damu ya mgonjwa. Baadaye askari huyo alifukuzwa kazi na muuguzi akalipwa dola 500,000. Ushujaa wa Wubbels ni wake, na hakuna wa kumpokonya. Alikuwa pia na karatasi mkononi na bosi asiyemkimbia.

Upande wa hospitali ndio unaosahaulika kila maadili ya wauguzi yanapojadiliwa, na hakuna mahali palipoonekana kwa uchungu zaidi ya Gulu, kaskazini mwa Uganda. Ebola ilipozuka mwaka 2000, miongoni mwa waliokufa mwanzoni kabisa katika Hospitali ya Mtakatifu Maria Lacor walikuwa wanafunzi wa uuguzi. Walikuwa wamewahudumia wagonjwa wa ugonjwa ambao jina lake lilikuwa bado halijajulikana. Dk Matthew Lukwiya wa hospitali hiyo, aliyekuwa masomoni Kampala, alirudi mara moja, akafungua wodi ya kutenga wagonjwa na kuwavika watumishi mavazi ya kujikinga. Vifo vilipoendelea, wauguzi walikusanyika wakitaka kuondoka. Lukwiya alizungumza nao kwa muda mrefu, akawasihi wabaki, na walibaki. Walimjua. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989, waasi walipokuja kuteka watu hospitalini, yeye ndiye aliyejitoa achukuliwe badala ya wengine. Alifariki kwa Ebola tarehe 5 Desemba 2000. Mlipuko huo uliua watu 224 Uganda nzima.

Kisa hicho hakipaswi kutumiwa kuwadai wanafunzi wafe kwa ajili ya kazi. Mwanafunzi anayekataa kugusa damu bila glavu anatenda sawasawa, na chuo kinachomwita mvivu kinamkosea. Aliyewaomba wauguzi wa Lacor wabaki alikuwa kwanza amewapa kinga, kisha yeye mwenyewe akavaa na kuingia wodini. Mkuu wa hospitali au wa chuo asiyetimiza upande wake hana haki ya kudai ushujaa wa msichana wa miaka 20.

Hatua za kuanza nazo zinajulikana, na nyingi hazingoji bajeti mpya. Tathmini ya mwanafunzi isibaki mkononi mwa inchaji peke yake. Mkufunzi wa chuo ashuke wodini na awe na sauti katika alama, na mwanafunzi awe na mtu nje ya wodi wa kumweleza alichokiona bila kuhatarisha masomo yake. Mabaraza ya uuguzi ya Tanzania na Kenya, ambayo ndiyo hutahini na kutoa leseni, yanaweza kuweka katika mtihani wa vitendo kituo kimoja ambapo mtahini anaigiza daktari mwenye haraka aliyeandika dozi isiyo sahihi. Mtahiniwa anajua kuchoma sindano. Aonyeshe kama anajua kusema hapana kwa adabu, kwa sababu, na kwa kurudia pale asiposikilizwa mara ya kwanza.

Darasani, Lind aliacha njia iliyojaribiwa katika nchi nyingi. Kikao huchukua takriban dakika 90. Mkufunzi anasimulia kisa kimoja cha mtu aliyefanya uamuzi mgumu, kwa mfano mwanafunzi aliyeagizwa ajaze chati na akajaza, kwa sababu mkuu wa zamu ni yule aliyemsaidia alipokosa ada. Wanafunzi wanapiga kura kama alikosea au la, wanagawanyika kwa kura zao, kisha pande mbili zinajibizana kwa zamu. Mkufunzi haamui mshindi. Anachosimamia ni kwamba hoja yoyote inaruhusiwa na hakuna anayemshambulia mtu. Mwishoni kila upande unataja hoja bora kuliko zote iliyotolewa na wapinzani, na kura inapigwa tena. Lind alitaka mkufunzi wa kazi hii aandaliwe kwanza, kwa kuwa mwalimu aliyezoea kutoa majibu huvunja mjadala bila kujua, na kikao kikabaki kuwa somo jingine la kukariri. Kwa hiyo vyuo vianze na wakufunzi wenyewe, nao wakae kwenye viti vya wanafunzi na kupiga kura kuhusu chati zilizojazwa enzi zao.